Moja Yangu, Moja Yako

"Ndiyo hii?" Yule mama aliishika picha kwa ncha za vidole viwili, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu. "Mbona nimenuna hivi? Na hili gauni? Mwanangu, si ungeniambia nikavae?"

Nilikuwa nimesimama mbele yake pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, nikisubiri kusifiwa. Kwangu ile ilikuwa picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Ameinama juu ya dagaa, mkono mmoja umeshika ncha ya khanga isianguke, kichwa amekigeuza ghafla kwa kuwa kuna mtu kamwita kutoka nyuma yangu, mdomo uko nusu wazi, jibu halijatoka. Jua la saa mbili asubuhi limewapiga dagaa walioanikwa na kuruka juu, likamwangaza chini ya kidevu kana kwamba kuna mtu kakinga karatasi ya fedha pale chini. Hayo niliyaona mimi. Yeye aliona gauni la kazi lililopauka, magamba mkononi, na sura ya mtu anayegomba.

"Wewe si nasikia unapiga harusi?" akaniuliza. "Hao maharusi nao unawavizia wakiosha vyombo?"

Wenzake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nami nikacheka, lakini lile swali lilinikwama kooni. Miaka miwili nzima nilikuwa najifunza namna ya kumpiga mtu picha bila yeye kujua, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza kama mwenyewe angeitaka hiyo picha.

Ugali wangu unatoka kwenye studio ndogo mjini, si mbali na Makoroboi, ule mtaa uliopata jina kutokana na mafundi wa koroboi za mabati. Picha za pasipoti, za vyeti, mahafali, na harusi siku za Jumamosi. Kutwa nasema maneno yaleyale: kaa sawa, shusha bega, angalia hapa, usifumbe macho. Mtu anaingia mlangoni na sura yake aliyopewa na Mungu, akishakalia kile kiti chenye kitambaa cha bluu nyuma yake anageuka sanamu. Kisha anasema, "Nisafishie nne." Nilipopata Nikon D90 ya mtumba na lenzi ya milimita 50, niliapa kwamba Jumapili zangu hakuna mtu nitakayemwambia akae sawa.

Nilianza kwa woga, tena woga wa wazi. Nilikuwa napanda daraja la waenda kwa miguu la Furahisha na kupiga kuelekea chini, nikavuna vipara, ndoo na miavuli. Nikashuka chini. Nikawa naitundika kamera tumboni, macho kwenye simu, kidole kwenye kitufe. Baadaye nilisoma kwamba Mmarekani Walker Evans alifanya karibu hivyohivyo kati ya 1938 na 1941 kwenye treni za chini ya ardhi za New York: kamera ndani ya koti, lenzi ikichungulia katikati ya vifungo. Nikajiona nimeingia kwenye ukoo mzuri. Sasa, Evans alikuwa kwenye behewa la watu wasiosalimiana. Mwanza mtu mzima akisimama dakika tatu mahali bila kumsalimu yeyote, tayari ameshakuwa habari. Na ile D90 mlio wake ni kama mtu anayefunga sanduku la bati. Ukishabonyeza, mtaa mzima umejua.

Picha zenyewe za miezi ile? Migongo. Nina migongo mingi sana ya watu wa Mwanza.

Kuna mlinzi mmoja, wa mahali penye vyombo vya majini ambapo sitapataja, aliyenishikilia saa nzima kwa sababu nilimpiga picha mzee aliyeegemea boya. Mzee mwenyewe hakuwa na neno. Shida ilikuwa ukuta uliokuwa nyuma ya mzee. Hapo nilijua la kuangalia kwanza: kabla ya uso, tazama nyuma yake kuna nini. Gati, kituo cha polisi, lango lenye askari, achana napo, hata mwanga uwe mtamu namna gani.

La pili lilikuwa baya zaidi, maana halikuniumiza mimi. Nilimpiga kijana mmoja wa mkokoteni amelala juu ya magunia saa nne asubuhi, viatu kaviweka chini ya kichwa kama mto. Picha nzuri. Nikaipandisha mtandaoni nikiwa na maneno matamu kuhusu jasho la vijana. Watu wakaipenda. Tajiri yake naye akaiona. Wiki iliyofuata yule kijana alinipita na mkokoteni akasema bila kusimama, "Kaka, umeniponza." Kumbe alikuwa ameanza kazi saa tisa usiku. Picha haikuonyesha saa tisa usiku, ilionyesha saa nne.

Lakini la Buzuruga ndilo lililonisimamisha.

Ilikuwa Jumamosi jioni stendi, jua limeshuka, vumbi la daladala limelainisha kila kitu. Karibu na kibanda cha vocha alikaa mama na mtoto wa kama miaka mitano. Mtoto amevaa kofia pana ya ukili, na jua lilikuwa linapenya kwenye tundu za ukili na kumwagika usoni kwake kama punje za mchele. Mimi niliona zile punje tu. Naapa, sikuona kingine. Nikasogea, nikabonyeza mara tatu.

Yule mama hakupiga kelele. Alimvuta mtoto, akamfunika khanga mwili mzima, kichwa na miguu, halafu ndipo akaniangalia.

"Unampiga mwanangu picha upeleke wapi?"

Nikaanza kueleza habari za mwanga. Sijui nilisema nini. Akarudia, sauti sasa imepanda: "Nakuuliza, upeleke wapi?"

Makonda wawili wakageuka. Bodaboda wakazima pikipiki. Na pale, kwa kuchelewa kabisa, ndipo kichwani mwangu ilipogonga kwamba yule mtoto ana ualbino.

Asiye wa Kanda ya Ziwa huenda akadhani yule mama alikuwa mkali tu. Sisi tuliokulia huku tunaikumbuka miaka ile ya 2007, 2008, 2009, redio zikitangaza mauaji ya watu wenye ualbino, wengine watoto, kwa sababu ya waganga matapeli na wateja wao waliodanganyana kwamba kiungo cha binadamu kinaleta samaki au dhahabu. Watoto walitolewa vijijini kwao wakapelekwa shule za bweni kama Mitindo, kule Misungwi, ili wapate kulala kwa amani. Mama aliyelea mtoto chini ya kivuli cha habari hizo, akiona mwanamume asiyemjua anamlenga mwanawe kwa lenzi, mara tatu, bila salamu, afikirie nini? Mimi nilikuwa natazama jua. Yeye alikuwa anatazama mtu anayempima mwanawe.

Aliyenitoa pale ni mzee mmoja fundi baiskeli. Alipenya kati ya watu, akanishika mkono kwa nguvu kama mtoto wake, akasema, "Mpe mama kamera aangalie." Nikampa. Nilimwonyesha kitufe cha kufutia. Aliziangalia zote tatu. Ya tatu aliiangalia muda mrefu, nadhani hata yeye aliziona zile punje za mwanga, kisha akasema, "Futa." Nikafuta. Bodaboda mmoja akadai kadi nzima ifutwe, na sikuwa mahali pa kubishana, nikaifuta nzima. Ilikuwa na picha za kipaimara nilizopiga asubuhi kwa mteja aliyelipa. Pesa yake nilirudisha kwa mafungu mawili, na mpaka leo nikimwona barabarani navuka upande wa pili.

Yule mzee alinisindikiza hadi kwenye daladala. "Ungeanza na shikamoo," alisema, "sasa hivi ungekuwa umekaa nao."

Kamera ya Jumapili ililala kabatini miezi minne.

Kuna wenzangu wanaosema nilijitesa bure, barabara ni ya wote, anayetoka nje amekubali kuonekana. Marekani jambo hili limefika mahakamani. Mpiga picha Philip-Lorca diCorcia alitega taa zake Times Square, New York, kati ya 1999 na 2001, akawa anawapiga wapita njia kwa mbali, wenyewe hawana habari. Mzee mmoja akagundua uso wake umetundikwa kwenye maonyesho na unauzwa, akashitaki. Mwaka 2006 mahakama ikasema ile ni sanaa, mpiga picha akashinda. Hapa kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na sisi tunaoishi kwa kuhifadhi sura za watu afadhali tuisome kabla haijatusoma. Ila yule mama wa Buzuruga hakuniuliza kuhusu sheria. Aliniuliza napeleka wapi, na jibu la kweli ni kwamba nilikuwa naipeleka kwenye simu yangu, nisifiwe na watu wasiomjua.

Niliporudi, nilikwenda Mwaloni bila kutoa kamera kwenye begi. Nilikaa kwa mama lishe, nikanywa chai ya rangi na chapati, nikasalimia. Asubuhi "mwangaluka", jua likishapinduka "mwadila", na wazee shikamoo zao. Kisukuma changu ni cha kuombea maji, lakini hata hicho kilitosha kuwachekesha. Jumapili ya tatu mtu mmoja akaniuliza, "Begi hilo halifunguliwi?" Hapo ndipo nilipolifungua.

Mwaloni si mahali pa kujificha. Boti zinatia nanga kutoka Ukerewe na visiwa vingine, magunia yanashushwa kwa mabega, na asiyebeba kitu anaambiwa "pisha!" kila sekunde mbili. Wanunuzi wa kayabo, ule sangara wa chumvi, wanatoka mpaka Kongo. Korongo wamesimama juu ya mapaa kama wazee wa baraza. Ukiwa na kamera unaonekana umbali wa mita mia, kwa hiyo njia iliyobaki ni moja: wakuchoke. Nilikuwa nawafuata kwanza, naomba, wanakaa sawa, napiga. Picha nne tano za mwanzo ni zilezile za studio, ila bila kitambaa cha bluu. Siondoki. Naishusha kamera kifuani, tunaongea bei ya sado, kile kindoo cha kupimia dagaa. Mara mteja anakuja kubishana, au mtoto anamwaga maji, au mtu anaitwa, na yule niliyekuwa naye ananisahau. Hapo napiga moja au mbili. Si ya kuiba, kwa sababu anajua nipo, na si ya kupozi, kwa sababu hana muda nami.

Nilijifunza pia kufuata mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi za sola, na taa haina nguvu mbele ya mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi mingi inapumzika siku kadhaa. Basi dagaa wanapungua, soko linapoa, watu wanakaa wanashona nyavu, wanasukana, wanacheza bao, wanazungumzia watoto wao. Mpiga picha anayekwenda Mwaloni siku za giza atapata kazi na jasho. Akienda siku za mbalamwezi atapata watu. Mimi kalenda yangu ya Jumapili sasa ina mwezi umechorwa pembeni.

Mwanga wenyewe wa ziwani ni mkorofi. Kamera ikimwona mtu mweusi mbele ya maji yanayometa, inapima ziwa na kumsahau mtu. Uso unatoka kama mkaa. Namwongezea hatua moja ya mwanga kwenye kamera, wakati mwingine na nusu, ziwa liungue kidogo, haidhuru, sikuja kupiga ziwa. Saa sita mchana jua linakaa utosini, macho ya kila mtu yanakuwa mashimo. Hapo naenda chini ya maturubai, au kwenye dagaa. Dagaa waliopata unyevu njiani huanikwa tena juu ya nyavu chakavu, na eneo la dagaa lenye ukubwa wa chumba ni kioo cha bure: linarudisha mwanga laini chini ya pua na kidevu, sehemu zilezile jua la mchana linazozitia giza. Hakuna taa ya studio yangu inayofanya hivyo. Harufu nayo ni ya bure.

Ndivyo nilivyompata yule mama wa gauni lililopauka. Nilikuwa nimemzoea miezi, nimeshakopa kwake sado moja ya dagaa mwisho wa mwezi, ananiita "mpiga picha wa migongo" kwa sababu nilimwonyesha kazi zangu za zamani. Nilidhani nimeshavuka mto. Kumbe bado nilikuwa napeleka picha kwake kama mtu anayepeleka cheti chake mwenyewe akasifiwe.

Baada ya kicheko kuisha alinirudishia ile picha, akafikiri, akaichukua tena. "Jumapili ijayo," alisema, "saa tano. Natoka kanisani, napitia hapa. Unipige vizuri."

Alikuja. Kitenge kipya cha zambarau, mkufu, viatu vya kisigino juu ya changarawe ya Mwaloni, mkoba mkononi. Nikampeleka pembeni ya dagaa, kwenye ule mwanga wangu. Akaniangalia kama nimemtukana. "Dagaa nawaona kila siku, baba." Akatembea mwenyewe mpaka lilipoegeshwa Fuso jipya, rangi ya machungwa, karatasi za dukani bado ziko kwenye viti. Hakuwa na uhusiano wowote na lile gari. Dereva alikuwa anakula, akamruhusu kwa kijiko. Mama akaweka kiganja juu ya bampa, akanyoosha mgongo, uso ukakauka kabisa, kila kitu nilichokuwa nakikimbia studio kimesimama mbele yangu katika jua la saa tano.

Nikajisikia nasema, "Inua kidevu kidogo, mama. Shusha bega."

Niliposafisha zile picha na kuziweka mbili sambamba mezani, nilizitazama mpaka umeme ukakatika. Ile ya dagaa bado naipenda zaidi, sitadanganya. Lakini ile ya Fuso ndiyo aliyoichagua yeye ionekane na watu, na miaka yote niliyokuwa nawadharau wateja wangu kwa kukauka mbele ya kitambaa cha bluu, nilikuwa nawadharau kwa jambo hilohilo. Mtu anayepigwa picha mara tatu au nne maishani mwake, mwache asimame wima.

Tangu hapo mapatano yangu na watu wa Mwaloni ni haya: moja yangu, moja yako. Nikikupiga ukiwa kazini, nakupiga na nyingine unavyotaka, mbele ya unachotaka, na zote mbili nazileta zimesafishwa, saizi ya postikadi. Mtandaoni haiendi mpaka umeiona na kusema sawa. Imenigharimu. Mwaka jana nilisafisha picha 86 za watu wasionilipa, na nusu yake wamesimama mbele ya magari yasiyo yao. Mmoja aliomba awekewe mnara wa saa nyuma kwa kompyuta. Nilimwekea, ulitoka umepinda, akafurahi. Wapo wanaokataa kabisa, na nimeacha kuwauliza sababu. Na picha za watoto nazipiga mzazi akiwa kasimama begani kwangu, la sivyo sizipigi.

Buzuruga nilirudi mara moja, nikamkuta fundi baiskeli. Yule mama wa mtoto, mzee hakujua ni wa wapi. Alikuwa msafiri tu siku ile. Nilimpiga mzee mwenyewe, akiwa ameshika gurudumu kama usukani. Hakutaka nyingine.

Mwezi uliopita nilipita kwa mama wa dagaa. Ile ya Fuso, aliniambia, iko sebuleni ndani ya fremu ya kioo, na shemeji yake anaamini gari ni lake. Nikauliza ile nyingine. Akainua mizani, akaitoa hapo chini, imejikunja ncha na ina doa la mafuta karibu na sikio lake. Nilifurahi kuona kaiweka karibu na kazi yake, mpaka alipoigeuza.

Nyuma, kwa kalamu ya bluu, kulikuwa na orodha. Mama lishe sado 2. Mshona nyavu sado nusu. Mkongo mrefu gunia 1. Dereva Fuso sado 1. Wengi walikuwa wameshakatwa mstari. Wa mwisho chini, kwa herufi kubwa kidogo kuliko wengine: Migongo, sado 1.

Huo mstari wake ulikuwa bado haujakatwa.